Dawa Yake Ni ya Nani?

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha Kiingereza, mvua ilinyesha. Nilifurahi, maana mwalimu mpya hutafuta mfano popote, na mfano huu ulikuwa unapiga kelele juu ya mabati. Nikaandika ubaoni: "It is raining." Nikageuka, nikaeleza kwamba maana yake ni mvua inanyesha. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua kidole.

"Madame, 'it' ni nani?"

Nikamwambia si mtu.

"Alors, ni kitu gani?"

Nikamwambia si kitu.

"Si mutu, si kitu, mais iko mbele ya sentensi. Inafanya nini pale?"

Darasa zima likanitazama. Nilikuwa na diploma mpya na kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya siku ile, nikasema tutaona kesho. Mvua ikanihurumia, ikaongezeka hata hatukusikiana tena.

Ninyi mliorithi madarasa yangu mmenisumbua tangu nilipoaga kazi: Madame Zaina, andika, andika. Haya, ninaandika. Habari za vyeo nitaziacha, kwa kuwa hazingejaza ukurasa, na za mshahara pia, kwa kuwa nisingependa mkasirike kabla hamjamaliza kusoma. Nitaandika juu ya sentensi ya Kiingereza na jinsi ilivyonishangaza hapa Kisangani, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire.

Kwetu ni mtaa wa Waislamu, karibu na mto. Baba aliuza vitambaa, na babu zake walikuja na biashara kutoka upande wa Maniema. Nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni Lingala, shuleni Kifaransa. Kiingereza kilikuja cha nne, na nilikipenda kwa sababu kilionekana rahisi. Kitenzi hakibadiliki sana, vitu si vya kike wala vya kiume, vivumishi havifuati nomino kama watoto wanaomfuata mama sokoni. Nilifikiri ni lugha ya likizo.

Shule yetu ilikuwa katika kata, au komini, ya Tshopo. Upepo ukiwa mzuri tulisikia maji ya bwawa la umeme, ingawa umeme wenyewe haukutufikia kila siku. Asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera, kisha kila mmoja akaingia darasani na chaki yake. Chaki zilipokosekana tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Ubao tuliupaka masizi ya betri za zamani yaliyopondwa na majani. Kitabu chetu cha Kiingereza kilikuwa na picha ya familia moja inayoota moto sebuleni, na wanafunzi waliniuliza kwa nini watu wenye viatu vizuri vile wanapikia sebuleni.

Siku ile ya mvua, baada ya masomo, nilimwendea Papa Bolamba. Yeye alikuwa akifundisha Kiingereza pale tangu kabla yangu. Alikuwa Mlokele, kabila la watu wa mto, mrefu, mwembamba, aliyekulia kwenye misheni ya Waprotestanti huko mto unakoelekea, na Kiingereza chake alikipata utotoni pamoja na nyimbo za kanisani. Serikali ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo na tai, aliacha vyote viwili bila kusema neno. Tangu hapo alivaa abakosti moja ya kahawia, lile koti lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi kila siku, na kofia ya ukindu.

Nikamweleza habari ya "it". Akacheka kwanza, kisha akasema:

"Leta viti tatu."

Nikaleta viti vitatu kutoka chumba cha walimu, tukavipanga mbele ya darasa tupu.

"Sikia, Zaina. Siye kwa Kiswahili tunaingia bote mu neno moja. Unasema 'alimupa'. Mule ndani muko mutu mwenye kupa, muko mutu mwenye kupokea, muko na kazi yenyewe. Batu babili na kazi, neno moja. Mwingereza hapana. Mwingereza anataka kila mutu na kiti yake." Akagusa kiti cha kwanza. "Hapa, mwenye kufanya." Akagusa cha pili. "Hapa, kazi." Akagusa cha tatu. "Hapa, mwenye kufanyiwa. Ukibadilisha batu viti, umebadilisha maana."

"Na kama hakuna mwenye kufanya? Mvua haina mtu."

"Kiti ya kwanza haiwezi baki wazi. Mwingereza haivumilie." Akavua kofia yake, akaiweka juu ya kile kiti. "Kama mutu hayuko, anaweka kofia. 'It' ni kofia."

Kesho yake nilifundisha hivyo hivyo. Yule msichana wa mstari wa mbele alikitazama kile kiti chenye kofia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bon, sasa naelewa. Mais ni luga ya wasiwasi." Sijawahi kusikia maelezo bora ya sarufi ya Kiingereza.

Tangu hapo viti vilikuwa chombo changu kikuu. Nilikaa na Papa Bolamba kila mchana, na alinifundisha jambo ambalo diploma haikunifundisha. Alisema, "Usianze na sheria. Uliza kwanza, hii luga inataka kujua nini? Kila luga iko na kitu inauliza kwa nguvu, na kitu ingine haiulizi hata kidogo."

Mengine niliyabuni mwenyewe. Mtakumbuka jinsi kitenzi "do" kinavyowasumbua wanafunzi. "He works", anafanya kazi. Lakini ukitaka kuuliza, unasema "Does he work?" Hiyo "does" imetoka wapi, na ile S ya "works" imekwenda wapi? Miaka ile hakuna mkubwa aliyeingia mahali bila protocole wake, mtu wa itifaki, kutangulia. Basi nikamchagua mwanafunzi mmoja awe mkubwa, mwingine awe protocole. Mkubwa akikaa kwake anabeba mfuko wake mwenyewe, na ndani ya mfuko mna kibao chenye S. Swali likija, protocole anatangulia mlangoni, na ni yeye anayebeba mfuko. Mkubwa anaingia mikono mitupu: "Does he work?" Walielewa mara moja, maana jambo hilo waliliona kila wiki. Katibu wa chama tawala pale shuleni alipita dirishani, akataka kujua mfuko ule una nini. Nikamwonyesha S. Aliitazama pande zote mbili, akairudisha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo viti havikuliponya, nalo ni "he" na "she". Wanafunzi wangu walisema "my father, she is tired" bila aibu yoyote. Uvivu haukuwamo. Nyumbani kwao wote, iwe Kiswahili, iwe Lingala, iwe Kilokele au Kikumu, neno ni moja tu, na ukisema "amechoka", hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke mpaka atajwe. Na wakipita hapo wanakuta "his" na "her". Mimi nililiona jambo dogo, kama vumbi kwenye kola. Nilisahihisha, nikasonga mbele.

Basi asubuhi moja prefe, mkuu wa shule, alikuja mlangoni kwangu pamoja na dereva wa hospitali.

"Citoyenne Zaina, hospitali wanatafuta mtu wa Kiingereza. Wana daktari mgeni, na mkalimani wao amesafiri," akasema. Miaka ile tuliitana "raia": citoyen, citoyenne.

Nikamtazama Papa Bolamba, aliyekuwa anapita kwenye baraza.

"Ni weye utaenda," akasema. "Mimi masikio yangu imechoka."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya shati ameikunja, amekuja kwetu kwa wiki chache tu. Kifaransa chake kilitosha kuomba maji na kuuliza njia. Alinishika mkono, akanivuta hadi kitandani bila maneno mengi.

Juu ya kitanda alilala Amisi, fundi cherehani wa soko la Tshopo. Nilimjua kwa sura, maana nusu ya sare za wanafunzi wangu zilitoka mikononi mwake. Alikuwa baridi, shuka limelowa jasho, meno ameyabana, anakoroma kama mtu aliyechoka sana. Walimwita, walimfinya, hakuamka. Upande mmoja wa kitanda aliketi mkewe, Aziza, kijana bado, macho yamevimba. Upande wa pili aliketi mama yake Amisi, Mama Sakina, aliyefika na treni kutoka Ubundu aliposikia kwamba mwanawe ana homa. Muuguzi alisimama miguuni pa kitanda, sindano tayari mkononi.

Daktari akaniambia: uliza kilichotokea jana, na uliza amekunywa nini. Maabara haikuwa na dawa za kupimia asubuhi ile, kwa hiyo alikuwa na macho yake na masikio yangu tu.

Nikamgeukia Aziza. Alijibu akiangalia sakafu.

"Homa ilimukamata wiki ile. Alikataa kula. Jana magaribi akaanza kutetemeka, akasema hana nguvu. Mama akamupa dawa yake, akakunywa, akalala. Asubui nikamuita, hakuitika."

Nikaanza kutafsiri. Homa, sawa. Alikataa kula, sawa. Kutetemeka, sawa. Nikasema "His mother gave him", mama yake alimpa, na hapo mdomo wangu ukasimama.

Kilichofuata kilikuwa "dawa yake". Kwa Kiingereza nilipaswa kuchagua. Ikiwa dawa ilikuwa ya Amisi, ni "his". Ikiwa dawa ilikuwa ya mama, ni "her". Aziza alikuwa amesema "dawa yake", basi, na "yake" inafuata dawa tu. Mwenye dawa haimwonyeshi.

Muuguzi akaona nimenyamaza.

"Citoyenne, endelea. Hata mimi nilishamwambia kwa Kifaransa: sa mère lui a donné son médicament."

Nikaipitia sentensi hiyo kichwani: mama yake amempa dawa yake. Nayo ilikuwa vile vile. "Son" ya Kifaransa inafuata "médicament". Dawa ingekuwa ya nani, ya mama, ya mwana, ya jirani, "son" isingebadilika. Aziza na muuguzi wameisema kwa lugha mbili kamili, na hakuna aliyekuwa ameulizwa dawa ni ya nani. Kila mtu alifikiri ni ya mgonjwa, yaani kwinini aliyopewa zahanati homa ilipoanza. Ndiyo maana daktari alikuwa anaelekea kutibu malaria iliyopanda kichwani, na ndiyo maana sindano ilikuwa tayari.

Daktari aliniangalia mdomo, akingoja.

Ningeweza kusema "his". Wengi wangesema hivyo, kwa kuwa mgonjwa hunywa dawa yake. Lakini nilikuwa nimekaa na Papa Bolamba mchana mwingi mno. Nikamwinamia Aziza.

"Mama, unisamehe. Dawa yake, ni ya nani?"

"Dawa yake," akarudia, polepole zaidi.

"Yake Amisi, ama yake mama?"

Aziza alianza kuvuta uzi uliokuwa umefumuka kwenye ukingo wa kitenge chake, akauvuta, akauvuta. Daktari akaniuliza kwa Kiingereza, anasema nini? Nikamjibu kwamba bado sijui.

Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa kitanda.

"Ni yangu."

Mama Sakina alikuwa amesimama. Alikuwa mfupi, na mkono wake ulikuwa umeshika pembe ya kitenge chake.

"Dawa ni yangu. Munganga wa hospitali ya Ubundu alinipatia, juu ya ugonjwa ya sukari. Miye nilikuwaka vile vile, sina nguvu, niko nalala tu, na ni ile dawa iliniamusha. Nikaona mutoto wangu anatetemeka. Ningemupa nini? Nilimupa ile yenye ilinisaidia."

Akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge, akatoa vidonge vilivyofungwa katika kipande cha karatasi. Nikamwambia daktari: "Her medicine." Nikaongeza kwamba ni ya ugonjwa wa sukari, na kwamba mgonjwa hakuwa amekula.

Hakungoja nimalize. Alimwambia muuguzi aiweke ile sindano chini, akataka "glucose", maji ya sukari ya mshipani. Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Muuguzi alikimbia, akarudi na chupa. Daktari akatafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena, akaupata. Tukasimama. Mama Sakina midomo yake ilisogea, na nilitambua aya anayosoma kwa sababu mama yangu alisoma hiyo hiyo tulipougua. Aziza alishika kidole gumba cha mguu wa mumewe, hicho tu, kama vile hakuwa na ruhusa ya kushika zaidi.

Kwanza kukoroma kulipungua. Kisha taya ililegea. Kisha Amisi akafumbua macho, akatazama dari, akamtazama mama yake, akasema kwa sauti kavu:

"Mashini nilifunga?"

Cherehani yake. Alitaka kujua kama ameifungia. Aziza akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini.

Daktari alinieleza kwamba dawa ya namna ile inashusha sukari ya damu na inakaa mwilini, kwamba Amisi atabaki na chupa mpaka dawa iishe nguvu, na kwamba homa itatibiwa pia, lakini baadaye. Nikawaeleza wote. Kisha akaniuliza nilijuaje kuuliza lile swali. Nikamwambia sikujua chochote, ni lugha yake iliyonizuia kupita. Akacheka kwa adabu. Sidhani kwamba alielewa, na sikumlaumu: yeye alizaliwa nayo.

Nilipotoka, Aziza alinifuata kwenye baraza.

"Madame, nilijua."

Nikasimama.

"Niliona ile karatasi yake jana. Nilijua ile si dawa ya Amisi. Mais ningesema aje? Mama iko pale, amelala chini njia nzima ya treni juu ya mutoto wake. Nikisema 'dawa ya mama', bote batasema Aziza anamushitaki mama ya bwana. Nikasema 'yake'. Nikafikiri daktari atajua mwenyewe."

Alikuwa amesema kweli tupu, kila neno. Ni "yake" iliyokuwa imemsitiri, na pia imemsitiri mama mkwe, na kidogo tu ingemzika mume. Nilijiuliza nimemfanyia nini. Mume amepona, lakini yeye atarudi nyumbani na mama mkwe aliyeulizwa mbele ya watu.

"Nyumbani itakuwaje?" nikamuuliza.

"Sijue."

Wakati huo Mama Sakina akaita kutoka ndani, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

"Aziza! Kuja unisaidie kumufunika bwana yako."

Aziza akaingia haraka. Nami nikachungulia mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshika kile kipande cha karatasi chenye vidonge. Mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa wote, akamnyooshea mkwewe.

"Hii uweke weye. Saa ya kunywa, unipatie weye. Macho yangu haione tena muzuri."

Aziza akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Nikajua naweza kurudi shuleni.

Papa Bolamba alikuwa bado yupo. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea aseme "umefanya vizuri". Yeye akakunja uso, akachukua kipande cha muhogo, akaenda ubaoni.

"Ngoja," akasema. "Kilokele." Akajaribu sentensi kwa sauti ndogo, mara mbili. "Hapana. Siye pia hatuonyeshe. Lingala: 'nkisi na ye'. Ya nani? Haijulikane. Kifaransa unasema 'son'." Akaandika yote. "Zaina! Nimefundisha 'his' na 'her' tangu nywele zangu nyeusi, na nilifikiri ni mapambo!"

Tulikaa pale mchana mzima kama watoto waliopata mpira. Tulitafuta sentensi za Kiswahili ambazo Kiingereza kingezitesa. "Alimwambia kwamba anampenda." Tulihesabu ni watu wangapi wanaweza kuwa wanapendana humo ndani, tukagombana, tukafuta, tukaanza upya. Mke wa Papa Bolamba alipoona hafiki, alituma lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki vije shuleni, na tulikula bila kuacha kubishana. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo na nimehudhuria semina zenye chakula kizuri zaidi, lakini sijajifunza mahali popote kama mchana ule.

Wiki iliyofuata nilibadilisha somo. Sikuandika sheria. Niliandika ubaoni: "Aliiba kuku wake." Nikawaambia wachore. Mmoja alichora mwanamume anaiba kuku wa mwanamke. Mwingine alichora mwanamke anaiba kuku wa mwanamume. Mmoja, mtoto wa wakili, alichora mwanamume anaiba kuku wake mwenyewe na kumshitaki jirani. Kila picha ikapata sentensi yake ya Kiingereza, na hakuna mbili zilizofanana. Makosa hayakwisha, msije mkanidhania mwalimu wa miujiza. Lakini kuanzia hapo mwanafunzi akisema "my father, she", mimi sikuhitaji kufungua mdomo. Darasa zima liliuliza: "Ni nani huyo?"

Papa Bolamba aliondoka muda si mrefu baadaye, akarudi kwao, huko mto unakoelekea. Nilimsindikiza mpaka ufukoni. Pirogi, ule mtumbwi wake, ilipoanza kusogea alinipigia kelele swali juu ya neno moja la Kiingereza, injini ikalifunika, na mpaka leo sijui lilikuwa neno gani. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kumuuliza.

Nikabaki peke yangu na Kiingereza cha shule nzima, na ndipo inspekta akaja.

Kila shule ya mkoa ilimjua. Alivaa abakosti nyeusi, alama ya chama kifuani, na ilisemekana kwamba aliwahi kumsimamisha mwalimu kwa sababu ya mpangilio wa madawati. Aliingia bila kusalimu, akaenda kukaa nyuma kabisa, akafungua kalamu. Siku hiyo nilifundisha amri: "Go", "come", "stop". Nilichagua somo hilo kwa makusudi, kwa sababu ni fupi na halina mahali pa kujikwaa.

Ngalula akainua kidole. Alikuwa binti wa askari wa kambi ya Kapalata, msichana wa maneno machache.

"Madame, kamanda akisema 'you, go', ni askari mumoja anaenda, ama bote beko naenda?"

Kwetu tunasema "nenda" kwa mmoja, "nendeni" kwa wengi. Lingala hutenganisha. Kifaransa hujaribu. Kiingereza kina "you" moja tu, kwa mtu mmoja na kwa kikosi kizima.

"Haionyeshi," nikasema.

"Alors, askari batafanya nini?"

"Batatazamana," akasema kijana mmoja, na darasa likacheka.

Nikasikia kalamu ya nyuma imeacha kuandika. Nilijua kwamba mwalimu mwenye busara angesema sasa turudi kwenye somo. Lakini nilitaka kujua. Nikawauliza: kamanda afanye nini ili aeleweke? Wakapendekeza. Aseme "all". Ataje jina. Anyooshe kidole.

"Na kama anasema kwa redio?" akauliza Ngalula. "Kidole haionekane."

Hapo nikawaambia, mbele ya inspekta, kwamba sijui. Inspekta akasafisha koo. Wote wakageuka. Alikuwa amefunga kalamu yake na kuitia mfukoni.

"Citoyenne," akasema, "na kama ni kwa barua?"

Akasimama, akakusanya karatasi zake, akatembea katikati ya madawati mpaka mbele. Nikafikiri anaondoka. Akasimama kando ya benchi la Ngalula, akamwambia asogee kidogo, akaketi, kwa sababu, alisema, kule nyuma hasikii vizuri.